Pombe kali ndiyo inayokaa

Karibu kila kilabu cha pombe ya kienyeji nchini kina mnywaji anayeamini kwamba pombe ikikaa inazidi ukali. Pombe ya leo, atakuambia, ni ya watoto. Subiri ile ya juzi. Gulwe, pale Reli ya Kati inapoyaacha mabonde ya Kilosa na kuelekea Dodoma, imani hiyo ina uzito wake, maana pombe ya mtama na uwele, yaani ujimbi, haikuingia Ugogoni jana. Imepikwa kwa ajili ya kazi za shamba za pamoja, kwa harusi na kwa matambiko, na siku hizi zaidi kwa ajili ya kuuza. Nadhani imani hiyo imesimama kichwa chini. Pombe haiwi kali kwa sababu imekaa. Inakaa kwa sababu ilikuwa kali tangu mwanzo. Mtu anaweza kuona kuwa hayo ni maneno ya kujifurahisha mezani, lakini mimi naona ndimo ulimojificha ufunguo wa jambo ambalo dola imelihangaikia tangu mwaka 1966 bila kulimaliza. Jambo hilo ni gongo, pombe iliyokenekwa: kabla haijawa tatizo la ulevi, ni tatizo la kuhifadhi.

Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo hapa. Siki ni kali, pilipili ni kali, jua ni kali, na konyagi nayo ni kali. Neno moja limebeba uchachu na wingi wa kilevi, na ulimi wa mnywaji hauna njia ya kuvitenganisha. Ujimbi unapokaa, kwa siku moja au mbili kilevi huongezeka kweli, kwa sababu chachu bado ina sukari ya kula. Hapo mwamini wetu ana haki yake. Lakini sukari ikiisha, chachu haina cha kugeuza. Wanaobaki kazini ni bakteria: wale wa uchachu, ambao walikuwemo tangu mwanzo, na wale wa siki, ambao wanahitaji hewa na wanakula kilevi chenyewe na kukigeuza kuwa asidi. Kwa hiyo pombe ya siku ya nne ndani ya ndoo iliyo wazi huwa kali mdomoni huku kilevi chake kikipungua. Anayekunja uso baada ya kuimeza anadhani amepata zaidi, kumbe amepunjwa.

Ukali wa kilevi hutoka wapi basi? Hutoka kwenye sukari, na hesabu yake si ngumu. Gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa zote na chachu, hutoa takribani asilimia moja ya kilevi. Pombe ya nafaka haianzi na sukari, inaanza na wanga, na wanga lazima ukatwekatwe kwanza na kimea. Mama anayepika ujimbi anajua hili kwa mikono yake hata kama hajalisoma popote: anapika uji kwanza mpaka uive sawasawa, anauacha upoe kiasi, ndipo anatia kimea. Wanga wa mtama hauvunjiki vizuri usipopikwa kwa joto kubwa, na vimeng'enya vya kimea navyo huuawa na joto hilohilo. Ndiyo maana kazi imegawanywa mara mbili, na ndiyo maana kidole kinachotumbukizwa kupima kama uji umepoa ni kifaa cha kitaalamu kuliko kinavyoonekana. Hata hivyo kimea cha mtama si hodari kama cha shayiri katika kuugeuza wanga wote kuwa sukari. Sehemu kubwa hubaki kama uji mzito na machicha. Matokeo yake ni kinywaji ambacho kwa kawaida huwa na kilevi cha kati ya asilimia 2 na 5, chini kidogo au sawa na bia ya chupa, na ambacho nusu yake ni chakula.

Sasa tazama kinachotokea mpishi anapotaka pombe yake isifiwe. Akimwaga kilo 2 za sukari ya dukani katika ndoo ya lita 20, ameongeza gramu 100 kwa kila lita, na kwa hesabu ya hapo juu amepandisha kilevi kwa karibu asilimia 6. Ujimbi wa asilimia 4 umekaribia 10, na rangi, harufu na ndoo ni zilezile. Hakuna anayemdanganya mwenzake kwa makusudi. Hakuna tu anayepima. Mwenye kibanda cha bia za chupa analazimika kuuza kinywaji chenye tarakimu kwenye lebo, Kilimanjaro asilimia 4.5, Safari 5.5, lakini mnywaji wa kilabu anakunywa kwa kukisia, na leo anaweza kunywa mara mbili ya jana kwa bei ileile.

Chachu nayo ina kikomo chake. Kilevi ni kinyesi chake, na kiumbe chochote kikizidiwa na kinyesi chake huzimia. Chachu nyingi za bia huchoka kilevi kikifika asilimia 10 na kidogo, za mvinyo hufika 14 au 16, na chache zilizozoezwa kwa subira hupita hapo. Waswisi wa kiwanda cha Hürlimann walipoanza kupika Samichlaus mwaka 1979, bia ya asilimia 14, ilihesabiwa kuwa ajabu, na ilihitaji miezi ya kukaa kwenye matangi ya baridi. Baada ya hapo mashindano yalihama kutoka kwa chachu yakaenda kwenye jokofu. Mwaka 2009 kampuni ya BrewDog ya Scotland ilitoa bia ya asilimia 32, mwaka uliofuata ikatoa ya 41 na kisha ya 55. Mwaka 2013 Waskoti wengine, Brewmeister, wakatangaza Snake Venom yenye asilimia 67.5. Hakuna chachu duniani inayofika huko. Walichofanya BrewDog ni kugandisha: maji huganda kwenye nyuzi sifuri, kilevi kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri, basi ukiitoa barafu, kinachobaki ni kikali zaidi. Mwenye mtambo wa gongo vichakani karibu na Gulwe anafanya jambo lilelile kwa moto badala ya barafu, kwa kuwa kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100. Mmoja anauza chupa kwa watalii na kuandikwa magazetini, mwingine anakimbizwa na mgambo. Simtetei huyu wa pili, maana gongo yake haipimwi na mtu yeyote, lakini ni vizuri kuona kwamba ujanja wao ni mmoja: kuondoa maji.

Na kwa nini mtu aondoe maji? Jibu la haraka ni kwamba wateja wanataka kulewa upesi. Hilo lipo. Lakini mteja anaeleza nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ni muuzaji, na muuzaji ana shida ambayo sheria haijawahi kuiuliza. Ujimbi una maisha ya siku mbili, tatu zikizidi. Katika joto la Oktoba na Novemba, wakati mchana wa Dodoma unapita nyuzi 30, hata hizo hazifiki. Mama aliyepika pipa zima siku ya mnada akanyeshewa, au mnada wenyewe ukaahirishwa, ana lita mia na zaidi za nafaka, kuni na maji ya kununua zinazogeuka siki mbele ya macho yake. Anaweza kuwapa nguruwe. Anaweza kuzimwaga. Au anaweza kumuuzia mwenye mtambo, kwa sababu pombe iliyochacha bado ina kilevi cha kukamuliwa, na kikishakamuliwa hakiozi tena. Gongo inakaa kwenye dumu mwezi, mwaka, chini ya kitanda, bila jokofu, bila kupoteza chochote. Bakteria hawaishi humo. Ndiyo maana nasema gongo ni jokofu la asiye na jokofu.

Historia ya pombe duniani inaunga mkono hoja hii kuliko tunavyodhani. Bia zilizosafirishwa na Waingereza kwenda India zilitiwa hopsi kwa wingi ili zistahimili safari ndefu ya bahari. Mvinyo wa Ureno uliongezwa brandi kwa sababu hiyohiyo. Bia ya kawaida, nyepesi, ilipata uwezo wa kukaa baadaye sana, na si kwa ukali bali kwa elimu: Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya bia mwaka 1876 na kuonyesha kwamba viumbe waharibifu huuawa kwa joto la kiasi, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg, akafaulu kutenga chachu safi. Kuanzia hapo bia ya asilimia 4 au 5 iliweza kukaa miezi. Chupa ya bia iliyofika Gulwe leo inasimama juu ya kazi ya mabwana hawa wawili. Na hata hiyo haizidi ukali ikikaa: chachu yake imechujwa au imekufa, hivyo kinachoendelea ndani ni kuzeeka tu. Joto huifanya iwe na ladha ya boksi; jua likiipiga kupitia chupa ya kijani au nyeupe, hopsi zake hutoa harufu mbaya, ndiyo sababu viwanda vingi hutumia chupa ya kahawia. Mwenye duka anayepanga kreti juani nje ya mlango ili wapita njia wazione anaharibu mali yake mwenyewe. Ukiulizwa "baridi au moto?" jibu lolote ni halali, mradi hiyo ya moto ilikuwa kivulini.

Ushahidi wa karibu zaidi ni viroba. Zile pakiti ndogo za plastiki zilienea mpaka vijiji ambavyo kreti ya bia haifiki, na sababu haikuwa bei peke yake. Kiroba hakivunjiki, hakihitaji baridi, hakiharibiki, na kinaingia mfukoni. Kilikuwa ni pombe kali iliyotatua kila tatizo la kuhifadhi kwa mpigo mmoja. Serikali ilipokipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, ilifanya vema, lakini iliondoa kifungashio na kuiacha ile nafasi iliyokuwa imejazwa. Vijijini nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe wa zamani. Sheria ya mwaka 1966 iliyokataza utengenezaji wa moshi, yaani gongo, bila leseni, na ile ya vileo ya mwaka 1968 iliyopanga leseni na saa za kuuza, zinamtazama mnywaji na mtengenezaji. Hakuna mahali zinapolitazama pipa.

Pipa linastahili kutazamwa kwa sababu nyingine pia, na hapa lazima nitenganishe ukali na hatari. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya mahindi msibani. Wanaiita phombe, ni neno letu hilihili. Uvumi wa kwanza ulisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulipokamilika, ulionyesha sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, aliyezaliana katika unga ulioharibika. Sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Pombe hiyo haikuua kwa ukali. Mwaka 2016, hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu katika mahindi iliua watu 20, na hao hawakuwa wanywaji, walikuwa walaji wa ugali. Na huko kusini mwa Afrika, tangu mwaka 1929 madaktari wameeleza ugonjwa wa ini unaohusishwa na madini ya chuma kuzidi mwilini kwa watu wanaokunywa pombe iliyochachushwa kwenye mapipa ya chuma, kwa kuwa asidi ya pombe huyeyusha chuma taratibu. Kibuyu na mtungi wa udongo havikuwa na dhambi hiyo.

Kwa Gulwe habari hizi si za mbali. Bonde la Kinyasungwe na Mkondoa lina sifa ya mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ziliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Maji yanayong'oa tuta la reli hayaulizi hodi kwenye kihenge. Nafaka iliyolowa haifai ugali, kila mtu anakubali, na palepale mtu atasema: basi tuipikie pombe. Ni mantiki ya kutopoteza kitu, ileile inayopeleka ujimbi uliochacha kwenye mtambo wa gongo. Naielewa. Lakini uchachushaji hauoshi nafaka iliyooza, na mtambo hauoshi pipa ambalo kabla ya pombe lilibeba dawa za mifugo.

Wapo watakaosema: kwa nini tuwasaidie wanywaji kuhifadhi pombe, wakati dawa ni kuacha kunywa? Ni pingamizi la heshima, hasa katika wilaya ya Mpwapwa, iliko Gulwe, ambako wamisionari wa Kianglikana walifika tangu miaka ya 1870 na ambako wengi, Wakristo na Waislamu, hawainywi kabisa. Anayeacha ameshinda, na hakuna la kumwongezea. Ila kwa asiyeacha, hesabu ni hii: lita nzima ya ujimbi wa asilimia 3.5 ina mililita 35 za kilevi safi. Gongo ya asilimia 40 inafikisha 40 katika glasi ndogo ya mililita 100, ambayo inamezwa kwa mafunda mawili na haishibishi. Anayeuchukia ulevi kwa dhati ana kila sababu ya kutaka kinywaji chepesi kiweze kusubiri mpaka kesho, kwa maana kisipoweza, mahali pake hapakai patupu.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na ni la nafaka. Ugogo ni nchi ya njaa za kukumbukwa. Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, haijasahaulika, na mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 570 kwa mwaka. Watawala wa kikoloni walikataza upikaji wa pombe nyakati za njaa, na baadhi ya viongozi wa leo hurudia amri hiyohiyo. Sina ubishi na katazo la mwaka wa njaa. Ninachosema ni kwamba pipa linalomwagwa siku ya tatu ni nafaka iliyopotea mara mbili, kwanza kama ugali na kisha kama pombe, na kadiri pombe inavyoharibika upesi ndivyo mpishi anavyolazimika kupika tena upesi. Mwenye kujali nafaka ajali na muda wa kukaa.

La tatu ni la wataalamu: kwamba pombe nzito ya mtama haipimiki kwa haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kwa sababu ya machicha yanayoielemea. Ni kweli kipimo kitakosea kidogo. Lakini pombe ikichujwa kwa kitambaa na kupimwa mara mbili, kabla ya kuchacha na baada ya kuchacha, kosa hilo ni dogo sana kuliko pengo kati ya asilimia 4 na 10 ambalo sasa hakuna anayeliona kabisa. Kwa afisa biashara anayetaka kujua kama ndoo imetiwa sukari, kinatosha. Wanaotaja Kenya, iliyohalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010 na bado ikaendelea kuzika watu, wakumbuke kwamba mauaji makubwa ya huko, ya zaidi ya watu mia moja mjini Nairobi Novemba 2000 na yaliyofuata, yalitokana na methanoli ya viwandani kutiwa katika pombe. Hilo ni kosa la jinai la mtu anayetaka ukali bila gharama, na ni soko la ukali ndilo lililompa nafasi.

Kifanyike nini, basi? Njia zipo na si za gharama. Bakteria wa siki anataka hewa, kwa hiyo dumu la chakula lenye mdomo mwembamba, lililozibwa na kuwekewa mrija unaozama kwenye kikombe cha maji, linatoa gesi ya pombe bila kuruhusu hewa kuingia. Mrija wa dripu unatosha. Uchachu wa kawaida utaendelea, na wanywaji wanaupenda, lakini kilevi hakitaliwa. Baridi nayo inapatikana. Hewa kavu ya uwanda wa kati, inayotutesa midomo, ndiyo inayofanya mtungi na gunia bichi vipoze vizuri kuliko Tanga au Dar es Salaam, na ndani ya tembe kuna kivuli kuliko chini ya bati. Maji ya kulowesha gunia ni haba, najua, lakini ni machache ukilinganisha na yaliyomwagwa pamoja na pipa. Na kilabu kinaweza kupanga zamu, wapishi wawili leo, wawili kesho, kila mmoja kwa kiasi kitakachokwisha jioni, badala ya mapipa sita kushindana siku moja na manne kuchacha. Halmashauri ya Mpwapwa ina leseni mkononi. Inaweza kuifunga zamu hiyo ndani ya masharti yake, pamoja na chombo safi na haidromita moja kwa kilabu kizima. Gulwe, yenye stesheni ya reli ya zamani na sasa ya SGR, ingefaa kuanzia msimu wa mavuno, Juni na Julai, wakati mtama ni mwingi na usiku una baridi. Cha kuhesabu kiwe kimoja tu: lita ngapi zilizosalia siku ya tatu, na zilikwenda wapi.